Mtoro wa Nyumba Yetu

Nilikuwa nimechoka. Naanza na hilo ili mtu asije akadhani anasoma hadithi ya mapenzi. Mapenzi yalikuwepo, sikatai, lakini yalikaa pembeni yakingoja zamu yao nyuma ya beseni, pampasi, shuka za kufua na muhogo wa kumenya. Mama yangu, Bi Mwatima, alipigwa na kiharusi muda mfupi baada ya mimi kurudi nyumbani Kengeja na talaka yangu. Upande wake wa kulia ulilala, na ulimi wake ukabaki na maneno machache ambayo ilibidi uyangoje kama maji ya bomba. Ni mwanamke mwenye mwili wake. Kumnyanyua kitandani ilikuwa kazi ya watu wawili, mmoja makwapani, mmoja miguuni, na watu hao walikuwa mimi na baba.

Kumuogesha ilikuwa kazi ya baba peke yake. Kila asubuhi, kabla hajakwenda shamba, Mzee Ngwali alichota maji ya vuguvugu, akakunja mikono ya shati, akafunga mlango wa chumba. Mwanamume mkali yule, ambaye watoto wa jirani walizunguka njia wasikutane naye, ungemsikia ndani akisema, "Geuka kidogo, Mwatima. Hapo hapo. Basi, basi." Siku moja nilimwambia nimsaidie, akanitazama kama niliyetaka kumnyang'anya kitu.

"Huyu mke wangu," akasema. "Weye kaogeshe vyombo."

Mdogo wangu Moza hakuwepo wa kutusaidia. Moza alitoroka.

Neno hili lina watu wake. Mtumwa wa zamani alitoroka, mfungwa hutoroka, mwanafunzi asiyependa hesabu hutoroka, na mwanamke anayekwenda kuolewa na mtu asiyetakiwa na baba yake, naye hutoroka. Tazama kundi alilotiwa. Mwanamume aliyeondoka naye, akapanda naye boti ile ile na kukaa naye kiti kwa kiti, hatoroki. Yeye kasafiri. Akisemwa sana husemwa kuwa kamtorosha, kama kwamba alichukua mbuzi wa watu. Na wanawake ndio tunaolitumia zaidi neno hilo, kisimani, harusini, kwenye matanga, tukilisema kwa sauti ya chini na kwa hamu kubwa. Nimelitumia na mimi kwa watoto wa wenzangu mpaka lilipoingia kwetu.

Moza alitaka kuolewa na Hafiz, kijana wa Wete. Baba alikuwa amekwisha kumuahidi mtoto wa binamu yake. Basi asubuhi moja Moza alibeba mkoba akasema anakwenda Mkoani kwa shangazi, na huko bandarini Hafiz alikuwa akimngoja na tiketi. Walikwenda hadi Dar es Salaam, wakaozwa na shehe wa huko. Tangu siku hiyo baba hakulitaja tena jina la Moza. Ilipolazimu kumtaja alisema "yule mtoro." Sikukuu ikifika, Moza alipiga simu kwangu, nami nilimwambia baba, "Unasalimiwa." Hakuuliza na nani. Alisema, "Mtoro hana salamu," akaendelea kula. Mama alikuwa akilia kwanza, halafu ulimi ulipolala akawa anageuza uso ukutani.

Sasa nije kwa Ishak, kwa sababu yeye ndiye shida yangu. Ishak ana gari ya abiria, lori lililotiwa mabenchi na turubali, linalokwenda Chake kila asubuhi kupitia Mtambile. Kafiwa na mkewe, tumbo limeanza kumtangulia, na anacheka kabla hajamaliza kusema anachokichekea. Alikuwa akiniletea dawa za mama kutoka Chake. Akawa ananiletea na samli. Akawa anashusha abiria wote halafu, baba akiwa shamba, anakuja kukaa kwenye gogo mbele ya nyumba, mbali na mlango kwa adabu, anauliza, "Bi mkubwa kaamkaje leo?" Mume wangu wa kwanza hakuwahi kuuliza mtu wa kwetu kaamkaje. Nilimpenda Ishak kwa swali hilo, na sioni haya kulisema.

Akaleta posa kama inavyotakiwa, kwa wazee. Alikuja ami yake kutoka Mtambile pamoja na Shehe Khatib, ambaye ndiye anayeozesha kijiji chetu kwa idhini ya kadhi. Mimi nilikuwa chumbani kwa mama, mlango umeegeshwa, nikisikia kila kitu. Mazungumzo yalikwenda vizuri. Kahawa ikanywewa. Baba akauliza kijana mwenyewe ni yupi, maana Ishak ni wengi.

"Mwenye gari," ami yake akasema. "Hii ya Chake."

Nikasikia baba anakiweka kikombe chini.

"Si ndiye aliyempakia yule mtoro?" baba akasema.

Ilikuwa kweli. Asubuhi ile Moza alipanda gari ya Ishak mpaka Mtambile, akalipa nauli yake kama abiria yeyote, na Ishak alimsaidia kupandisha mkoba. Hakujua lolote. Ami yake akalieleza hilo kwa upole. Shehe Khatib naye akasema, "Mzee Ngwali, dereva hamuulizi abiria aendako anakwenda kufanya nini. Meza mate kwanza, yakhe."

Baba hakumeza mate. Alisimama, nikasikia kikombe kinaanguka.

"Sikizeni nyote," akasema. "Nikimuozesha Kazija kwa mtu huyu, kwa ulimi wangu au kwa ulimi wa mtu n'liyemtuma, basi Mwatima kaachika. Talaka tatu."

Mama alikuwa ananitazama. Jicho la upande wake mzima lilifunguka likabaki hivyo.

Wanaume wetu wana tabia hii, nami naichukia kuliko zote. Mtu akikasirika na ng'ombe, akikasirika na jirani, akikasirika na bei ya karafuu, huapa kwa talaka, na mke aliyeko jikoni anapika, asiyejua ng'ombe wala bei, ndiye anayewekwa rehani. Kiapo kikishatoka kimetoka. Baba aliapa kwa mke asiyeweza kugeuka kitandani. Na nadhani alifahamu papo hapo alichokifanya, maana wageni walipoondoka alikaa barazani mpaka adhana, na alipoingia hakuniangalia.

Kesho yake alimuogesha mama kama kawaida, ila hakusema "geuka" wala "basi." Nilisikia maji tu.

Nilikwenda kwa Shehe Khatib. Mkewe, Bi Mardhiya, alinipa mkeka na chai, na Shehe akakaa mlangoni akikuna ndevu. Nilimuuliza kiapo kile kinafutika vipi.

"Hakifutiki," akasema. "Kimekaa pabaya. Akikuozesha kwa Ishak, mama yako si mke wake tena. Hawezi kumgusa, hawezi kumuogesha, hawezi hata kukaa naye chumba kimoja. Akimtuma mtu amuwakilishe, ni yale yale, mwenyewe kaifunga njia hiyo."

"Na ami yangu Ame?"

"Baba yako yu hai, yu karibu, na akili zake timamu. Ami hana nafasi." Akakuna tena ndevu. "Unaweza kumshitaki kwa kadhi kuwa anakuzuia. Kadhi atamwita, atamuuliza, na akiona hana sababu atakuozesha yeye."

"Nimsimamishe baba yangu mbele ya kadhi?"

"N'nakwambia njia zilivyo. Sikwambii uzipite." Halafu akasema ile ya mwisho, kwa sauti ya chini kidogo. "Walii, yule mwenye haki ya kukuozesha, akiwa mbali, umbali wa safari ya mtu kupunguza sala, kadhi ndiye anayeshika nafasi yake. Ndiyo waliyoifanya mdogo wako na Hafiz. Pemba yote haina umbali huo, kisiwa kifupi. Mpaka uvuke. Unguja inatosha, Dar es Salaam ndiyo haina maneno."

Yaani nitoroke. Hakulisema, lakini lilikuwa pale mkekani baina yetu pamoja na chai.

Nilirudi nyumbani kwa miguu nikilifikiri neno hilo likiwa langu. Nilitaka kucheka. Kutoroka kuna umri wake. Msichana hutoroka na mkoba mmoja na viatu vya kubadilisha. Mimi goti langu la kushoto linalia nikipanda ngazi, na kama ningetoroka ningelazimika kwanza kuacha maelekezo ya dawa, ya asubuhi hii na ya jioni hii, na usimpe kabla hajala. Nani angemnyanyua mama siku nisizokuwepo? Baba hawezi peke yake. Na hata kama ningepata mtu wa kunishikia, nikenda nikarudi na mume, nyumba ile ile ingekuwa imetoa watoro wawili. Moza alimkunja baba mgongo. Mimi ningemuua. Hilo nililijua kama ninavyolijua jina langu.

Nilimwambia Ishak haiwezekani. Alikuwa amekaa kwenye gogo lake, kofia mkononi.

"Miye sichoki kukungoja weye," akasema. "N'nachoka kungoja ulimi uliokwisha kusema ujisemee vyengine. Dada yangu keshanitafutia mtu Mtambile. N'memwambia asubiri mpaka mfungo mosi, sikukuu ikishapita. Zaidi ya hapo Kazija, miye mtu mzima, nyumba yangu haina hata wa kuniambia mvua inakuja."

Sikumlaumu. Nilimwambia aende salama, nikaingia ndani kubadilisha shuka. Ramadhani ilikuwa imeanza. Nilifunga, nikapika futari, nikamlisha mama uji kwa kijiko, na nilikuwa nalala nikiwa nimekaa. Nilikuwa na hasira na kila mtu. Nilikuwa na hasira na Moza kwa kuwa alikuwa na umri wa kutoroka na akautumia.

Sikukuu ikapita. Siku chache baadaye, asubuhi, baba alimuogesha mama kwa muda mrefu mno. Nilidhani kuna jambo, nikagonga, akasema, "Ngoja." Alipotoka alikuwa amevaa kanzu yake ya Ijumaa, na ilikuwa Jumanne. Mkononi alikuwa na mfuko wa plastiki wenye shuka na kandambili.

"Nakwenda kutizamwa jicho," akasema.

"Jicho gani? Wapi?"

"Jicho langu. Mbali."

Baba ana mtoto wa jicho miaka mingi na hajawahi kukubali kupelekwa hata Mkoani. Na bahari haiwezi. Akipanda chombo hutapika kabla kamba haijafunguliwa. Nilisimama nikamtazama akienda kwa miguu kuelekea Mtambile, kwa sababu tangu siku ya Moza hakuwahi kukanyaga gari ya Ishak. Ishak alimpita njiani, akasimamisha, akapiga honi kwa adabu. Baba hakugeuka.

Siku ile ndiyo niliyomjua mama upya. Jirani yetu Bi Rahila alikuja kunisaidia kumnyanyua, huku akilalamikia kiuno chake kwa majina yote. Nilipoanza kumuogesha mama alinishika mkono kwa mkono wake mzima, akausukuma. Hakuutaka mkono wangu.

"Yu... wapi?" akasema.

"Kasafiri, mama. Kenda kutizamwa jicho."

Alinitazama kwa muda. Machozi yalitoka kwa jicho moja, lile jengine halitoi tena.

"Katoroka," akasema.

Lilitoka zima, bila ya kukwama, neno ambalo kwa kawaida lingemchukua nusu ya asubuhi. Niliapa kwa Mungu kuwa atarudi, na nilipokuwa naapa sikuwa na hakika. Nilifikiri: kachoka. Mimi nimechoka na ni mtoto wake, kwa nini yeye asichoke? Wanaume wangapi wamekwenda kutizamwa jicho wakapotelea huko? Nilimuogesha kwa nguvu, huku yeye analia na mimi nalia, na Bi Rahila mlangoni anasema, "Basi jamani, basi."

Usiku haukuwa na simu. Kesho yake adhuhuri, simu yangu ikalia, namba ya Moza. Nilipokea nikidhani ni salamu za sikukuu zilizochelewa.

"Kazija?" Haikuwa sauti ya Moza.

"Baba! Uko wapi?"

"Dar es Salaam. N'mefika jana. N'metapika njia nzima." Alikohoa. Nyuma yake nilisikia mtoto analia na sauti ya Moza ikimtuliza. "Shehe Khatib yupo karibu?"

"Yuko msikitini."

"Mwambie niko Dar es Salaam. Mwambie napunguza sala. Narudi Jumapili. Sasa weye nisikilize, na usinijibu wala usin'ulize kitu."

Nikaibana simu sikioni.

"Sikuozeshi," akasema. "Umesikia? Miye Ngwali sikuozeshi, na sikumtuma mtu akuozeshe. Na sipo."

Halafu akakata.

Nilikaa chini pale pale ukumbini, simu mapajani. Nilikuwa mjinga kwa muda kidogo, halafu nikaacha kuwa mjinga, nikatupa kanga kichwani nikakimbia msikitini na goti langu.

Shehe Khatib aliposikia alifumba macho, akasema Alhamdulillahi, akacheka mpaka akashika ukuta. Akanieleza. Katikati ya Ramadhani, baada ya tarawehe, baba alimfuata akamuuliza swali la sala. Mtu akitoka Kengeja akenda Dar es Salaam, anapunguza sala? Shehe akasema anapunguza, bila shaka yoyote. Baba akauliza, na akitoka huko, watu wake aliowaacha huku, yeye kwao ni mtu aliyepo au asiyekuwepo? Shehe akamwambia ni asiyekuwepo. Baba akasema ahsante, akaondoka. Wiki ya mwisho ya mwezi akarudi kuomba namba ya simu ya "yule mtoro", maana hana mtu mwengine huko wa kumlaza.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza Shehe.

"Nikwambie nini? Mzee kauliza masuala ya sala." Akafuta macho. "Kama angekuja kuniambia 'muozeshe nitakapokuwa mbali', ingekuwa kanituma, na mama yako kaachika. Ilibidi asiseme. Na akija kuulizwa na mtu, aseme kweli kuwa hakuozesha. Nenda kamwite Ishak. Jumapili si mbali."

Kwa hiyo mimi ambaye ningelazimika kuvuka bahari ili niwe mbali na baba, nilikaa kwetu, na baba ndiye aliyevuka ili awe mbali na mimi. Umbali ni ule ule. Haukuuliza nani kaondoka.

Shehe alipata idhini ya kadhi kwa kuwa walii yuko mbali, na Ijumaa baada ya sala nikaolewa. Hapakuwa na ngoma wala pilau kubwa. Shehe alikuja mlangoni mwa chumba cha mama na mashahidi, akaniuliza kama nimeridhia aniozeshe kwa Ishak, nikasema nimeridhia. Akaniuliza mahari. Nikasema kiti cha magurudumu. Akauliza tena, akidhani hakusikia vizuri. Nikasema tena. Ami yake Ishak alikohoa, Ishak mwenyewe nikamsikia barazani anacheka kabla Shehe hajamaliza kumweleza.

Jambo la kwanza alilolifanya mume wangu baada ya kuozwa si la kuandikwa kwenye kadi ya harusi. Mama alikuwa amelowa. Bi Rahila alikuwa amekwenda kulala na kiuno chake. Nilitoka nikamkuta Ishak kwenye gogo, bado na mazoea yake, na kofia mpya.

"Ingia," nikamwambia. "Sasa ni mama yako. Yu halali yako kumshika."

Hilo nalo lilikuwa limetupita sote. Mama mkwe ni maharimu, kama mama mzazi, tangu ndoa inapofungwa. Ishak aliingia taratibu, akasalimu, "Shikamoo, mama," akashika makwapani, mimi nikashika miguu, na mama akapanda juu bila ya shida, kwa mara ya kwanza bila ya mtu kulia kwa kiuno. Alimtazama Ishak kwa karibu sana. Mimi nikageuka upande nikapangusa uso wangu kwa shuka chafu.

Kijiji kikafanya kazi yake. Bi Rahila, aliyekuwepo siku zote na aliyejua kila kitu, ndiye aliyetangaza kisimani, "Kazija katoroka bila kutoka nyumbani!" Wakacheka. Na mimi nikacheka, kwa uchovu kuliko kwa furaha, ila nikaingiwa na hofu tena. Mama alikuwa bado anauliza. Nilimwambia baba yuko kwa Moza. Hakuniamini. Aligeuza uso ukutani, akasema tena neno lake lile. Kumtaka mgonjwa aamini kuwa mtu ambaye kwa miaka saba hakulitaja jina la mtoto wake amelala nyumbani kwa mtoto huyo, ni kumtaka afanye kazi kubwa mno.

Jumapili, Ishak alikwenda Mkoani na gari tupu kungojea boti. Kiti cha magurudumu kilikuwa kimeletwa kutoka Chake asubuhi ile, si kipya, gurudumu moja linapiga kelele. Tulimtoa mama tukamuweka barazani. Hakuwa ameona njia tangu alipoanguka. Majirani walikuja kumsalimu, na hawakuondoka, wakajifanya wana shughuli.

Gari ikaja. Baba alikuwa amekaa mbele, karibu na dereva. Alishuka kwa kushikilia mlango, rangi imempotea kwa kutapika, kanzu ya Ijumaa imekunjika kama karatasi ya kufungia bisi, na mfuko wake wa plastiki umekuwa mzito kuliko alivyoondoka nao. Akamuona mama kwenye kiti. Akapiga hatua mbili, akasimama uwanjani.

Hakusogea tena. Alisimama kama mgeni asiyekaribishwa.

"Shehe yuko wapi?" akasema.

Shehe Khatib alikuwa hapo, bila shaka, kama kijiji kizima.

"Shehe," baba akasema, "miye sikuozesha."

"Hukuozesha," Shehe akasema.

"Wala sikumtuma mtu."

"Hukumtuma. Aliyeozesha ni kadhi, kwa kuwa hukuwepo."

"Basi Mwatima..." Akashindwa kuimaliza. Mzee Ngwali, niliyemjua tangu nazaliwa, mbele ya majirani wote, akashindwa kuimaliza.

"Mkeo," Shehe akasema. "Hajaachika. Nenda kwa mkeo."

Baba akavuka uwanja. Alifika mbele ya kiti akachuchumaa, magoti yakalia, akaushika mkono wa mama, ule uliolala, usiosikia kitu. Mama alimtazama kwa muda mrefu. Mdomo wake ukaanza kufanya kazi, na tukangoja wote, hata Bi Rahila alinyamaza.

"Mtoro," mama akasema.

Watu waliangua kicheko, na baba akainamisha kichwa, akakiacha kicheko kimpige. Hakukasirika. Alisubiri mpaka kiishe.

"Ndiyo," akasema. "N'litoroka. N'merudi." Akafungua ule mfuko wa plastiki, akatoa kanga mpya, akamtandika mapajani. "Moza kakuletea. Moza anakusalimu sana."

Mama akaikamata kanga kwa mkono wake mzima.

"Nani?" akasema.

"Moza."

"Nani?"

Baba akafahamu. Akamsogelea, akalisema tena jina hilo karibu na sikio lake, na tena, kila mama alipouliza, huku jua linatuchoma na majirani wanaanza kuondoka mmoja mmoja. Mimi nilikwenda jikoni kuchemsha maji, maana baba alikuwa hajamuogesha mkewe tangu Jumanne, na nilijua atakachokitaka mara tu atakaposimama.